Kona ya Chini ya Shamba la Mama Yako

Giakanja,
Jumapili, saa kumi jioni

Wairimu,

Sikuulizi hali kwa sababu tuko nyumba moja, na hapa nilipokaa nakusikia ukisugua sufuria. Naandika kwa kuwa nikijaribu kuyasema haya mezani, shangazi yako Muthoni, huyo tata yako, atayajibu kabla yako. Tena kazi yangu miaka yote imekuwa kuandika. Ya kuzungumza sijawahi kuifanya vizuri, na wewe unajua.

Habari za sabuni, blanketi, na namna ya kukaa na wasichana wa watu bwenini, tata yako ameshakupa, nyingine mara mbili. Siongezi neno. Ninalotaka kulisema ni la sanduku lako. Jana lilikuwa limejaa na limefungwa kamba. Leo tulipotoka kanisani nilipita mlangoni kwako nikaliona liko wazi, nusu ya nguo zimerudi kitandani, na barua ya chuo cha wauguzi imewekwa juu ya dirisha kama kitu kilichokwisha kazi. Sikuingia. Niliona yale yanayoonekana kutoka mlangoni. Kisha nilipokwenda kuchukua jembe nyuma ya jiko nikawasikia.

"Chuo hakikimbii," tata alisema. "Si uende mwaka ujao? Mwanamume akae kwa nyumba peke yake! Huyu ndugu yangu namjua mimi. Hata moto hajui kuwasha."

"Atakula nini, Tata?" ukauliza.

"Atakula gazeti."

Mkacheka wote wawili. Hata mimi nilicheka pale nje, kwa sababu kuna miaka ambayo jambo hilo lilikuwa karibu na ukweli. Lakini wewe uliacha kucheka mapema kuliko yeye, na nikajua sanduku limefunguliwa kwa nini. Kwa hiyo nitakueleza ninachokula, na ilikuwaje nikaanza kukila.

Ulipokuwa mdogo ulidhani kazi yangu ni kusafiri. Hukukosea sana. Tangu mwaka wa pili wa Uhuru nilizunguka mlima huu, Nyeri, Nanyuki, Kirinyaga, nikiandika habari za wakulima. Mikutano ya ushirika, bei ya kahawa, ugonjwa wa kahawa, mashamba ya walowezi yakikatwa vipande huko Kieni. Nikimaliza naingia posta, namwomba opereta wa simu laini ya gazetini Nairobi, naisoma habari yangu neno kwa neno huku watu wa stempu wakinisikiliza bure. Nilikuwa mwangalifu. Jina nililiuliza mara mbili, hesabu niliipiga mwenyewe. Katika miaka yote hiyo sijui kama nilirekebishwa mara tatu.

Mwaka mmoja baridi iliunguza viazi Endarasha. Nilifika asubuhi, majani yote yamekuwa meusi kana kwamba mtu amepita na moto. Mama mmoja alikuwa amesimama katikati ya shamba lake na mikono nyuma. Nilimuuliza alipanda lini, mbegu gani, anategemea nini sasa. Alinijibu yote kwa utaratibu. Nilipofunga daftari akaniuliza yeye, "Na kwako, mwandishi, mmepanda nini?"

Nikasema, "Mahindi."

"Mahindi ni kila mtu," akasema. "Nauliza nyuma ya jiko."

Nilimwambia mama watoto ndiye anajua. Akarudi kwa viazi vyake. Habari niliiandika, ikatoka ukurasa wa tatu, na kila kitu ndani yake kilikuwa sahihi. Swali lake sikuliweka.

Nyuma ya jiko kwetu kulikuwa na shamba la mama yako. Unalijua kuliko mimi, kwa sababu ulikua ukimshikia ungo. Mimi nilijua tu kwamba lipo. Kwetu sisi mboga za nyuma ya jiko ni mali ya mwenye jiko. Baba yangu alipanda viazi vikuu na ndizi, hizo ndizo zilizokuwa za wanaume, na sikumwona hata siku moja akiinama kwenye mboga za mama yetu, mimi na Muthoni, huyo Wairimu wa kwanza ambaye wewe umebeba jina lake. Nikaichukua desturi hiyo bila kuiuliza chochote. Ilinifaa, maana ilinipa nafasi ya kuondoka.

Sasa naandika jambo ambalo hatujawahi kulizungumza. Jumatatu ile mama yako aliponiambia tumbo linamuuma, nilimwambia anywe maji ya moto nikaenda Kianyaga. Kulikuwa na mkutano wa wakulima wa kahawa ulioahirishwa kila siku hadi kesho yake, nami nikabaki kuungoja. Niliporudi Alhamisi nyumba ilikuwa imefungwa. Wewe, uliyekuwa nyumbani kwa likizo fupi, ndiye uliyempeleka hospitali mjini pamoja na Mama Gathoni jirani. Ulikuwa kidato cha tatu. Hukunilaumu wakati ule, wala baadaye, na hilo ndilo lililonifanya nisiweze kulitaja. Mkutano wenyewe haukufanyika. Daktari alisema siku tatu hazingebadilisha kitu. Niliuliza swali hilo kwa namna tatu tofauti, na mara zote jibu lilikuwa moja, kwa hiyo naliamini. Lakini siku tatu ni siku tatu, na wewe ulizikaa peke yako.

Wiki zake za mwisho nilikuwa naye. Alikuwa akizungumza juu ya mambo madogo, ng'ombe, deni la mtu la kikapu cha maharagwe, na mimi kwa mazoea nilikuwa na daftari. Siku moja akasema, "Kona ya chini usiiguse." Nikaandika. Bado ninayo: kona ya chini usiiguse, na tarehe pembeni.

Sikumuuliza kwa nini. Nilijua anamaanisha kona ya chini ya shamba lake, pale karibu na ua wa Mama Gathoni. Nikajijibu mwenyewe kwamba anataka kazi ile imngoje, kwamba anafikiri atarudi. Mtu akifikiri atarudi, humuulizi sababu. Nilidhani hiyo ni heshima. Mtu aliyeuliza maswali maisha yake yote, siku ile aliacha swali moja la maneno mawili.

Tulimzika Julai. Agosti, kabla hujafunga shule, niliamua kulisafisha shamba lake. Nilikuwa nimeacha kazi, nyumba ilikuwa kimya, na baridi ya mwezi ule unaijua, jua halionekani hadi saa nane. Nikaona shamba limejaa majani. Kwa kuwa sasa hakuna aliyekuwa akingojewa, nilianzia kona ya chini, pale palipokuwa na msitu kabisa. Niling'oa kila kitu. Nikavichoma pembeni, nikalima kina cha jembe zima, nikafunga uzi kwenye vigingi, nikapanda kabeji kwa mistari iliyonyooka. Nilifanya kazi siku mbili bila kupumzika. Nilitaka ufike ukute pamependeza.

Ulifika Ijumaa. Ulisimama mlangoni mwa jiko na mkoba ungali begani. Nikangoja useme kitu.

"Umemaliza yote," ukasema.

Mimi nikasikia sifa. Nikasema, "Siku mbili tu."

Uliingia ndani, na likizo ile yote hukuniambia neno ambalo halikuhusu chakula au maji. Nilidhani ni msiba. Ilikuwa msiba, lakini si ule nilioudhania.

Aliyeniambia ni Mama Gathoni. Alikuja uani kwake siku ya tatu baada ya wewe kufika, akashika mti wa ua kwa mikono miwili, akatazama kabeji zangu muda mrefu.

"Mwandishi," akasema, "ziko wapi mboga za mwenye nyumba?"

"Mboga gani? Kulikuwa na magugu."

"Ati magugu?" Alianza kucheka, halafu akaona uso wangu na kuacha. "Hiyo ilikuwa managu. Na ile ndefu ya mbegu kichwani ni terere. Wewe unajua bei ya kahawa mpaka Ulaya, na managu hujui?"

Nikamwambia nilizijua zikiwa kwenye sahani. Hiyo ilikuwa kweli. Nilikuwa nimezila miaka ishirini zikiwa zimepondwa na viazi kwenye mukimo, na sikuwahi kuziona zikiwa zimesimama.

"Basi nikwambie," akasema. "Hiyo mbegu haikununuliwa. Mama ya mke wako alikuwa nayo kwa kijiji, wakati wa emajensi ya Mau Mau, tukiwa tumefungiwa, handaki limetuzunguka. Askari walikata mahindi yetu, walikata ndizi. Hiyo hawakugusa, walifikiri ni majani. Watoto walikula hiyo. Mke wako alikula hiyo. Alipoolewa akaibeba kwa kitambaa, akaimwaga hapo chini, na tangu siku hiyo inajimea yenyewe." Akaachia mti wa ua. "Askari hawakujua ni chakula. Kama wewe tu, mwandishi."

Nimetukanwa na watu wengi katika kazi yangu, wakiwemo wakubwa. Hakuna aliyewahi kusema sentensi iliyonikalia kama ile. Wala hakuisema kwa hasira. Alikuwa ananipa habari.

Ulirudi shule Septemba na sikukuambia kwamba najua. Hilo nalo ni kosa, liweke pamoja na mengine.

Oktoba mvua ikanyesha. Baada ya siku nane hivi, katikati ya mistari ya kabeji, ardhi ikaanza kuota vitu vidogo vya kijani kila mahali, maelfu, hata sikuweza kuweka mguu. Nilichuchumaa nikavitazama. Sikuweza kukitambua hata kimoja. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa mboga ya mama yako na kingine kilikuwa gugu la kweli, na nisingeweza kukwambia kipi ni kipi hata ungenilipa. Kwa hiyo sikugusa. Niliacha wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kabeji zikamezwa. Wanaume waliokuwa wakipita na kahawa kwenda kiwandani wakaanza kusema. Mmoja aliniita kutoka barabarani, "Mzee, hiyo ni shamba ama unafuga nyoka?"

Mwishowe nilikwenda uani nikamwita Mama Gathoni. Kumwita kulinichukua asubuhi nzima. Nilikuwa nimewahoji wakuu wa wilaya bila kutoa jasho.

Alikuja na kisu cha jikoni. Hakunihutubia. Aliinama, akang'oa mche mmoja, akauponda kwa vidole, akaniletea puani.

"Nusa."

Ulinuka vibaya.

"Hiyo ni mnanaha. Ukila hiyo utaona malaika kabla ya siku yako." Akachukua mwingine. "Na hii?"

"Hii hainuki."

"Hiyo ni managu. Sasa endelea, mimi sina siku mbili kama wewe."

Tangu siku hiyo nilijifunza kwa magoti. Palizi ya miche midogo haifanywi ukiwa umesimama na jembe, inafanywa kwa mkono, na goti langu la kushoto lilikataa mwezi mzima. Yule mwanaume wa nyoka alipita tena akaniona nimepiga magoti. "Mzee ameokoka mara ya pili!" akapiga kelele. Nikamwambia apite polepole nimwombee na yeye. Ilikuwa mara ya kwanza kutania mtu tangu Julai.

Sitakudanganya kwamba shamba liliniondolea majonzi. Yako palepale. Kilichobadilika ni asubuhi zangu. Zamani niliamka na kuwasha redio ili nijue watu wengine wamefanya nini. Sasa niliamka nikitaka kujua usiku ule umefanya nini mle ndani. Mche uliokuwa na majani mawili jana leo una manne. Hiyo ni habari, na hakuna mtu mwingine duniani anayeijua, na haihitaji kusomwa kwa simu. Nilijifunza kuchuma ncha ili mmea utoe matawi, na kuacha miche mitatu ya chini kabisa izae matunda yaive meusi yaanguke yenyewe. Mama yako alikuwa akiacha hiyo mitatu. Mama Gathoni ndiye alinionyesha mahali. Ndicho mama yako alichokuwa akiniambia hospitalini. Hakuwa akifikiri atarudi. Alikuwa ananiachia mbegu, na mimi nikaandika tarehe.

Desemba ulikuja nyumbani ukakuta sahani mezani. Unakumbuka?

"Nani amepika?" ukauliza.

"Mimi."

Ulionja. Ulitafuna polepole sana. "Baba, hukumwaga maji ya kwanza."

"Maji ya kwanza yanamwagwa?"

"Ni chungu mno."

"Basi acha."

"Sijasema naacha," ukasema, na ukala yote. Halafu ukatoka nje peke yako kwenda kona ya chini, ukakaa huko mpaka ng'ombe wakaanza kulia, na uliporudi ukanieleza kuhusu mtihani wako wa hesabu kana kwamba tulikuwa tumeongea jana. Nimehudhuria mambo makubwa katika nchi hii, kuanzia bendera ilipopandishwa mjini. Kama ningeulizwa siku moja tu ya kuirudia, ningetaja hiyo ya mboga chungu.

Sasa nafika kwenye sanduku.

Tangu umalize shule umekuwa nyumbani miezi mitano. Wiki ya kwanza nilitoka asubuhi nikakuta tayari umepalilia mistari miwili. Nikakushukuru. Wiki iliyofuata ulikuwa umepalilia shamba zima. Mwezi uliopita niliinama kuchuma terere na tata yako, aliyekuja kutusalimia, akaninyang'anya kikapu. "Toka hapo, msichana yuko," alisema. "Watu wakikuona watasema nini juu yake?" Niliingia ndani. Asubuhi hizi, Wairimu, natoka saa kumi na mbili, nakuta udongo umeshageuzwa, mboga zimeshachumwa, zimeshaoshwa. Narudi kwenye kiti na kuwasha redio. Betri nimebadilisha mara mbili tangu ufike. Kabla ya hapo zilikuwa zinakaa miezi.

Najua unafanya hivyo kwa upendo. Unanipunguzia kazi. Na kwa desturi yetu uko sawa kabisa: akiwapo mwanamke nyumbani, hakuna atakayeniacha niiname pale, wala tata yako, wala majirani, wala wewe mwenyewe. Nilipaswa kukwambia wiki ile ya kwanza. Sikukwambia kwa sababu nilidhani unataka shamba la mama yako, na sikutaka kukunyima. Ona. Kosa lilelile. Nilijijibu kwa niaba yako, nikarudi kwenye kiti, na wewe pengine ulikuwa unainama kila asubuhi kabla sijaamka ukidhani ndivyo ninavyotaka.

Kwa hiyo safari hii nauliza, na utanijibu kwa mdomo wako: je, unataka kukaa, au unakaa kwa ajili yangu?

Kama unataka kukaa, kaa, hii ni nyumba yako na barua ya chuo tutaijibu pamoja kwa adabu. Lakini kama ni kwa ajili yangu, basi nikupe ukweli wote kama ningempa mhariri. Usiku nitakukosa, na saa ya chai zaidi. Mukimo wangu bado una mabonge. Tata yako atakuja kila Jumamosi kuhakikisha kwamba sijafa, na tutagombana. Moto najua kuwasha. Alichosema si kweli tangu mwaka juzi. Mboga nitakula, na maji ya kwanza namwaga. Na asubuhi nitakuwa na mahali pa kwenda. Ukibaki kunitunza, mahali hapo sitakuwa napo. Sijui njia ya kulisema kwa upole zaidi ya hii, na wewe hukuwahi kupenda kufichwa.

Uliwahi kukaa na mgonjwa siku tatu peke yako ukiwa na miaka kumi na sita, na Mama Gathoni anasema hukukosea hata jambo moja. Wauguzi wa mjini walimuuliza kama umefunzwa. Hayo hakukuambia wewe, aliniambia mimi, na sasa nakupa kama nilivyoyapokea.

Barua hii nitaiweka juu ya zile nguo zilizo kitandani. Ukiisoma, zirudishe unapotaka zikae, na hapo nitakuwa nimepata jibu hata kabla hujasema. Kesho asubuhi basi linapita sokoni saa moja kasorobo. Usinitafute chumbani kuniaga, nitakuwa kule kona ya chini nimepiga magoti, pitia hapo.

Ukitoka, lango lifunge kwa nje na ulivute mpaka lilie, maana mbuzi wa Mama Gathoni wanajua kulisukuma. Na ukiamka kabla yangu, kona ya chini usiiguse. Mama yako aliponiambia hivyo sikuuliza sababu. Wewe sababu nimekupa.

Ni mimi,
Baba yako